Rejesho la Jumatatu, ufuta wa Juni

Mwanamke mkulima wa Ngarambe hushika fedha ya maana mara moja kwa mwaka, mwaka ukiwa mzuri mara mbili. Mkopeshaji anamtaka arejeshe kila wiki. Tumebishana sana nchini juu ya mikopo ya wanawake: riba, dhamana, kausha damu, asilimia kumi za halmashauri. Mabishano hayo yana haki yake, lakini kwa maoni yangu yanaruka swali la kwanza kabisa, ambalo ni la kalenda. Fedha inaingia lini, na deni linadaiwa lini?

Wengi wanaijua Ngarambe kwa jina la Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hadithi ya dawa ya maji tunaisimulia sana. Tunasahau kwamba kilichowachosha watu wa Matumbi na Rufiji kilikuwa shamba la pamba la lazima, ambalo mkulima alilitolea siku zake na malipo yake yakawa kiduchu kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Ngarambe ya leo ni kijiji cha wilaya ya Rufiji, mpakani mwa lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Pamoja na jirani zao wa Tapika, wanakijiji wametenga ardhi yao kuwa eneo la hifadhi ya wanyamapori linalosimamiwa na jumuiya yao, MUNGATA. Mapato ya wanyama hao huingia kwenye jumuiya na serikali ya kijiji, na yakisimamiwa vizuri hujenga darasa au kuchimba kisima. Kwenye pindo la khanga la mwanamke hayafiki. Yeye kutoka porini anamfahamu zaidi tembo, anayemlazimu kulala dunguni akilinda shamba.

Tuutazame mwaka wake. Kuanzia Oktoba anafyeka na kuandaa shamba. Mpunga na mahindi huwekwa ardhini mvua zinapokolea, ufuta unafuata kati ya Januari na Machi. Februari mpaka Aprili ghala liko tupu na palizi ndiyo imepamba moto. Hiyo ndiyo miezi ya njaa, na ndiyo miezi ambayo mtoto akiumwa hakuna cha kuuza isipokuwa kuku. Ufuta unavunwa Mei na Juni, minada inafuata. Mwenye mikorosho ana msimu wake wa pili kuanzia Oktoba. Katikati ya hapo kuna vijifedha: mkeka wa ukindu, vitumbua vya asubuhi, samaki wa kukaanga, debe la muhogo, kibarua cha kulimia mtu. Vijifedha hivyo vinanunua chumvi, sabuni na daftari. Havikusudiwi kubeba deni, na vikibebeshwa vinavunjika.

Sasa tuliangalie deni lenyewe. Mikopo midogo tunayoifahamu ina ukoo mmoja. Mwaka 1976 Muhammad Yunus alianza kuwakopesha wanawake wa kijiji cha Jobra, Bangladesh. Benki ya Grameen ikasajiliwa 1983, na 2006 yeye na benki yake wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Utaratibu wao ulikuwa rahisi kuufuata: wanawake watano watano wanadhaminiana, mkopo ni mdogo, marejesho ni ya kila wiki na yanaanza mara tu baada ya kupokea. Shirika la PRIDE liliuleta Tanzania mwaka 1993, FINCA ikafuata 1998, BRAC 2006. Kwa mama lishe wa Manzese utaratibu huu unaeleweka. Anauza kila siku, ana faida ya kila siku, na rejesho la Jumatatu linamsaidia kutokula mtaji. Mikopo hii ilienea kwanza palipo na soko la kila siku, mijini na kandokando ya barabara kuu.

Tufanye hesabu ya mfano. Mwanamke anakopa shilingi 500,000 kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo kikomo kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Tuseme riba inatozwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata akiwa ameshalipa nusu. Riba ni 105,000. Jumla ni 605,000. Kwa wiki ishirini na tano ni 24,200 kila wiki. Kwa sababu anaanza kurejesha mapema, kwa wastani fedha anayokaa nayo mkononi ni kama nusu tu ya ile aliyokopa, kwa hiyo riba anayoilipa kwa kweli inakaribia mara mbili ya ile iliyoandikwa. Hilo ni la kulalamikia, na nalalamika. Lakini hata riba ingekuwa sifuri, angedaiwa 20,000 kila wiki. Akikopa Januari kwa ajili ya shamba la ufuta, mpaka siku ya mnada wa kwanza atakuwa amekwisha kurejesha karibu mkopo wote kabla hajauza punje moja. Atazitoa wapi?

Jibu linajulikana na kila afisa mikopo. Anazitoa kwenye mkopo wenyewe. Anachukua laki tano, analimia laki mbili, laki tatu anazificha ili azirudishe kidogo kidogo kana kwamba ni faida ya biashara. Zikiisha anaenda kwa mkopeshaji wa pili amlipe wa kwanza. Hapo ndipo anapokutana na kausha damu: laki moja leo, laki na thelathini mwisho wa mwezi, na dhamana ni kitanda, godoro na bati la nyumba. Siku hizi mkopeshaji wa tatu yumo ndani ya simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha kidijiti zisizo na kibali, nyingine zikiwa zimejulikana kwa kutuma ujumbe wa aibu kwa kila namba iliyohifadhiwa kwenye simu ya mdaiwa. Kupiga marufuku ni sawa. Ila mtu hakimbilii kausha damu kwa kupenda kukaushwa. Anakimbilia huko kwa sababu kausha damu anatoa fedha Machi bila kuuliza kikundi kina cheti gani.

Watafiti wameyapima haya kwa muda mrefu. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita za mikopo midogo kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko. Zilionyesha kuwa mikopo iliwapa watu nafasi zaidi ya kuchagua, biashara chache zikapanuka, lakini kipato cha kaya ya kawaida hakikupanda kwa kiwango cha kumtoa mtu kwenye umaskini. Waliotegemea muujiza walivunjika moyo. Mimi zinanivutia zaidi tafiti ndogo zilizogusa ratiba ya malipo. Kule Kolkata, India, wakopaji walipopewa miezi miwili ya kupumua kabla ya kuanza kurejesha, badala ya wiki mbili, walithubutu kuwekeza zaidi na baadaye faida zao zikawa kubwa kuliko za wenzao. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, na hilo lisifichwe: muda wa kupumua una gharama, na mkopeshaji anayeukataa si lazima awe na roho mbaya. Magharibi mwa Kenya, wateja wa One Acre Fund walipokopeshwa wakati wa mavuno, waliweka mahindi stoo na kuyauza bei ilipopanda, badala ya kuyauza siku ya kwanza kisha kuyanunua tena ghali. Zambia, kaya zilipokopeshwa katika miezi ya njaa na kulipa baada ya mavuno, watu walipunguza kwenda vibarua kwenye mashamba ya wengine wakabaki kulima ya kwao. Katika maeneo yote hayo kilichobadilishwa ni tarehe.

Rufiji tayari ina mkopeshaji anayeifahamu tarehe vizuri, tena bila kusoma utafiti wowote. Ni mnunuzi wa kangomba kwenye korosho, na mwenzake wa chomachoma kwenye ufuta. Anapita Februari na Machi, anatoa fedha taslimu mkononi, na malipo yake ni mazao ya Juni au Oktoba kwa bei anayoitaja yeye, mara nyingi sehemu ndogo tu ya bei ya mnada. Serikali inamtambua kama mhalifu wa kipimo na bei. Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuzisomba, wakulima walihakikiwa mashamba yao ili wenye kangomba wasilipwe. Kitu kimoja hakikufanyika: hakuna aliyejitokeza kumpa mwanamke ile elfu hamsini ya Machi ambayo mtu wa kangomba alikuwa akimpa. Ukimwondoa mkopeshaji na kuiacha njaa mahali pake, msimu unaofuata atarudi, safari hii usiku.

Sheria ya kumwondoa mkopeshaji tulishawahi kuwa nayo. Mwaka 1931 serikali ya Waingereza Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani bila mkopo kuwa na kibali cha serikali. Walisema wanamlinda mkulima dhidi ya mwenye duka. Duka liliendelea kukopesha, na kwa kuwa deni halikuwa na mahakama, mkopeshaji alikuwa na kila sababu ya kuuficha ulinzi wake ndani ya bei.

Hapa niseme jambo ambalo maofisa wetu wa mikopo hulipita haraka. Rufiji na Kibiti ni nchi ya Waislamu wengi, na wapo wanawake wasiogusa mkopo kwa sababu ya riba, si kwa kukosa elimu ya fedha kama ripoti zinavyopenda kuandika. Wengine wanaugusa na roho inawasuta. Sasa, katika fiqhi ya biashara kuna mauzo ya salam: mnunuzi analipa bei yote mapema, na mkulima anakabidhi mazao siku waliyoafikiana, kiasi na ubora vikiwa vimetajwa wazi. Kwa umbo, chomachoma inafanana nayo sana. Inapokosea ni kwenye bei ya kunyonya na kipimo cha kuibia. Chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, chenye ghala, mizani iliyokaguliwa na mnada, kingeweza kuwa mnunuzi wa salam kwa sehemu ya ufuta wa mwanachama: kinamlipa Machi sehemu hiyo kwa bei wanayoridhiana mezani, yeye anakabidhi Juni, na mazao yake yaliyobaki yanaenda mnadani kama kawaida. Benki inayofadhili msimu wa ununuzi ingeweza kukifadhili chama miezi mitatu mapema. Sijasema ni rahisi. Mvua zikikata, chama ndicho kinachobaki na shimo, na vyama vyetu vina historia ya mashimo yasiyotokana na mvua. Hata hivyo mzigo wa ukame unabebeka zaidi na chama chenye wanachama mia nne kuliko na mama mmoja mwenye ekari mbili.

Tuje kwenye kikoba, kwa sababu ndicho kilichofika vijijini kweli. Chanzo chake ni Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa katika eneo la Maradi. Mtindo huo ukafika Zanzibar, kandokando ya msitu wa Jozani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukachukua sura ya VICOBA Tanzania Bara, shirika la SEDIT likiwa miongoni mwa waliousambaza. Kwa upande wa delta ya Rufiji, WWF kupitia mpango wake wa RUMAKI, yaani Rufiji, Mafia na Kilwa, ilivipeleka kwenye vijiji vya pwani ikitumaini kwamba mwenye mtaji mwingine ataipunguzia mikoko na bahari mzigo. Tumaini hilo lina walakini, kwa maana fedha ya kikoba haijui kusoma mpango wa hifadhi. Inaweza kununua cherehani, inaweza pia kununua nyavu.

Utaratibu wenyewe hauhitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kiswahili: wanachama wapatao thelathini katika vikundi vya watano watano, wiki kumi na sita za mafunzo kabla ya mkopo wa kwanza, hisa kila wiki, sanduku la kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, mkopo usiozidi mara tatu ya hisa zako, faini ya kuchelewa, mfuko wa jamii wa misiba na maradhi, na siku ya kuvunja sanduku mwisho wa mzunguko. Nakipenda kikoba. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba kinawalazimisha watu kuweka, na kwa maskini wengi mahali salama pa kuweka ni muhimu kuliko mkopo. Ya pili ni kwamba kinajua kupinda. Mwanamke akisema mbele ya wenzake, "Jamani wiki hii sina, tembo wameingia," wote wanajua kama ni kweli, kwa sababu usiku ule walisikia madebe yakipigwa. Benki ya mjini haina njia ya kujua hilo.

Tafiti za vikundi vya namna hii Ghana, Malawi na Uganda, zilizochapishwa kwa pamoja mwaka 2017, zinakubaliana na sifa hiyo kwa kiasi: biashara za kaya ziliboreka na sauti ya mwanamke nyumbani ikapanda kidogo, lakini matumizi ya kaya kwa wastani hayakubadilika. Sioni aibu katika matokeo hayo. Sanduku halikuahidi zaidi. Walioahidi ni waandishi wa maombi ya ufadhili.

Lakini kikoba kina dosari ambayo wanachama wenyewe wanaijua kuliko wafadhili. Ile faida inayogawanywa siku ya kuvunja sanduku haitoki mbinguni. Imetoka kwa waliokopa. Tuseme kikundi kinatoza asilimia kumi. Mwalimu, muuguzi au mwenye duka ananunua hisa zote anazoruhusiwa kila wiki, hakopi, na mwisho wa mwaka anaondoka na fungu nono. Mwenzake mwenye hisa moja moja alikopa Machi kumpeleka mtoto hospitali. Riba yake ndiyo faida ya mwalimu. Baya zaidi ni vikundi vinavyomlazimisha kila mwanachama akope ili fedha isilale. Hapo mtu anakopa asichokihitaji, anakiweka ndani kwa mwezi, anakirudisha na riba aliyoitoa kwenye kuku wake. Kikundi kikiwa na wenye mshahara na wasio nao, riba ya kikoba inaweza kupandisha fedha juu badala ya kuiteremsha. Dawa yake ni ndogo: mkopo wa ugonjwa na wa miezi ya njaa utoke bila riba ndani ya kiwango fulani, na kukopa kusiwe sharti. Katiba ya kikundi wanaiandika wao, wanaweza kuyaandika haya kikao kijacho.

Tarehe ya kuvunja sanduku nayo iangaliwe. Vikundi vingi huvunja kuelekea Idi au mwisho wa mwaka. Sherehe ni haki ya watu, na nguo mpya ya mtoto si ubadhirifu. Ila kwa Rufiji, fedha ikigawanywa Oktoba inakutana na shamba linalofyekwa, na ikigawanywa Februari inakutana na palizi na njaa. Vilevile hisa zisiwe sawa mwaka mzima. Mwanamke anunue nyingi Juni na Julai ufuta ulipouzwa, na Machi asitozwe faini kwa kununua sifuri.

Kuna mahali ambapo sanduku haliwezi kitu hata likiendeshwa na malaika. Nimetaja tembo. Usiku huu wameingia kwa fulani, wiki ijayo kwa mwingine. Walionusurika wanaweza kumchangia aliyepigwa, na mfuko wa jamii unatosha. Serikali ina kifuta jasho, lakini kanuni za mwaka 2011 zilikipanga kwa umbali: kadiri shamba lilivyokuwa karibu na mpaka wa hifadhi ndivyo malipo kwa ekari yalivyopungua, walio ndani ya nusu kilomita hawakupata kitu, wa mbali kabisa waliishia laki moja kwa ekari, na ekari zilizohesabiwa hazikuzidi tano. Mantiki ilikuwa kumzuia mtu asilime mlangoni mwa wanyama. Kwa kijiji ambacho mipaka ilichorwa kikiwa tayari kipo, mantiki hiyo ni ngumu kuimeza.

Mafuriko ni jambo jingine kabisa. Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, mpunga ukiwa bado shambani. Maji hayachagui mwanachama. Wote thelathini wamepoteza, wote wanataka kutoa siku hiyohiyo, na aliyekopa hana, na mdhamini wake hana. Udhamini wa watano watano, ambao ndio uti wa mgongo wa ukoo mzima wa Grameen, unadhani kwamba maafa huja kwa zamu. Katika bonde la mto hayaji kwa zamu. Mzee wa bondeni alikuwa na bima yake ya zamani, kilimo cha mlau: maji yakirudi mtoni, unapanda mahindi na mboga kwenye udongo uliobaki na unyevu. Anayetaka kumsaidia mwanamke wa bondeni baada ya gharika hana haja ya kubuni mradi. Ampe mbegu na fedha kidogo ndani ya wiki mbili tatu ambazo udongo bado una unyevu. Na deni la msimu uliozama lisogezwe msimu mzima mbele kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya mvua, bila kumlazimu aende kulia ofisini.

Halmashauri zina nafasi ya kufanya hivyo, kwa sababu fedha zao hazina riba. Sheria ya 2018 iliziagiza kutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa mwanamke wa Ikwiriri au Nyamisati huu ndio mkopo wa haki kuliko wote kwenye karatasi. Kilichotokea tunakijua. Vikundi hewa, wanaokopa mwaka wa uchaguzi wakiamini ni asante ya diwani, madeni yasiyokusanyika, na hatimaye mwaka 2023 serikali ikasimamisha utoaji mpaka ulipoanza upya 2024 kwa kanuni mpya na majaribio ya kuzipitisha fedha benki katika halmashauri kumi. Marekebisho yamelenga wizi. Sipingi. Lakini hata kusingekuwa na mwizi hata mmoja, mkopo huu ungeendelea kuyumba kwa sababu unapenda mradi wa pamoja. Wanawake watano waliokuwa wakijipanga vizuri, mmoja na vitumbua vyake, mwingine na mikeka, wanaambiwa waandike andiko la mradi mmoja. Wanaandika ufugaji wa kuku wa mayai kwa sababu andiko la kuku liko tayari pale maendeleo ya jamii. Kuku wanafugiwa kwa mmoja, zamu za kulisha zinageuka ugomvi, chakula cha kuku kinapanda bei, mayai yanatakiwa kusafiri barabara ya masika. Ufuta wanaoujua tangu utotoni haukuandikwa popote.

Nyumbani nako kuna hesabu yake. Utafiti uliofanywa kwa wateja wa PRIDE Dar es Salaam ulionyesha kwamba mafunzo ya biashara yaliinua biashara za wanaume, za wanawake yakazigusa kwa shida. Wako waliosoma matokeo ya namna hiyo wakasema wanawake hawana kipaji cha biashara. Uchambuzi uliochapishwa 2019 kwa takwimu za India, Ghana na Sri Lanka ulipata jambo lingine: mwanamke ambaye nyumbani kwake kuna biashara nyingine, mara nyingi ya mume, fedha aliyopewa ilikwenda huko kwenye faida kubwa zaidi, ilhali mwanamke mwenye biashara pekee ya kaya alizalisha sawa na mwanaume. Kwa Rufiji swali linaishia kwenye akaunti. Ufuta umepaliliwa na mke na watoto, mwanachama wa AMCOS ni mume, malipo ya stakabadhi ghalani yanaingia benki kwa jina lake. Deni la kikoba liko kwa jina la mke. Kwa hiyo hata tarehe zikilingana, aliyepata na anayedaiwa ni watu wawili tofauti. Chama cha msingi kinaweza kumwandikisha mke kwa ekari zake mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa haki ya ardhi sawa na mwanaume. Ningependa kuona halmashauri ikihesabu wanachama wanawake wa AMCOS zake kwa bidii ileile inayohesabu vikundi ilivyovikopesha.

Yupo mwanamke wa mwisho ambaye safu nyingi za mikopo humsahau. Mjane mzee mwenye wajukuu watatu, nusu ekari ya muhogo, mgongo usioinama tena. Huyu afisa mikopo mzuri hamkopeshi, na afanye hivyohivyo. Kumkopesha ni kumnyang'anya kwa awamu. Anahitaji ruzuku ya TASAF ifike kwa wakati, zahanati yenye dawa, na mtu wa kumlindia muhogo wake dhidi ya nguruwe pori. Kila mara kiongozi anaposimama jukwaani kutangaza kwamba wanawake wamekopeshwa mabilioni, ningetamani msaidizi wake amwekee mezani karatasi ya pili yenye idadi ya wanawake wa aina hii ambao hawakukopeshwa, pamoja na maelezo ya nini kimefanyika badala yake, na wiki gani ya mwaka kimewafikia.